Mwarobaini una meno, na Tanga ni joto

Swali: "Ninafundisha Jiografia sekondari, Lushoto. Nilisoma kwamba wanasayansi hukadiria joto la mamilioni ya miaka iliyopita kwa kuangalia kama majani yaliyogeuka mawe yalikuwa na meno pembeni au hayakuwa nayo. Meno mengi, palikuwa na baridi. Meno machache, palikuwa na joto. Nilipowaeleza wanafunzi, mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, mwarobaini una meno, na kwa bibi yangu Tanga ni joto mpaka usiku.' Nikakosa la kumjibu. Je, hii ni elimu au ni kubahatisha? Na kama ni elimu, kuna zoezi naweza kuwafanyisha?"

Jibu:

Mwalimu, huyo mwanafunzi mpe alama zake. Pingamizi lake ni lile lile ambalo watu wa fani hii wamekuwa wakirushiana kwa miaka mingi, ila yeye amelitoa kwa kumkumbuka bibi yake tu. Wala hajakosea. Vijani vya mwarobaini vimechongeka kama msumeno mdogo, na mti wenyewe unastawi pwani na kwenye ukame bila kulalamika. Lakini kanuni hii haikuahidi kitu kuhusu mti mmoja. Inahesabu msitu mzima, mti kwa mti, kama kura. Nitarudi kwenye mwarobaini baadaye, maana una jibu lake safi kabisa. Kwanza tuone kura zinavyohesabiwa.

Mwaka 1915 Wamarekani wawili, Irving Bailey na Edmund Sinnott, walipitia orodha za mimea ya sehemu nyingi za dunia wakagundua kwamba kadiri unavyotoka nchi za joto kwenda za baridi, ndivyo fungu la miti yenye majani ya meno linavyozidi. Misitu ya tropiki ya nyanda za chini imejaa majani yenye ukingo mzima, kama umekatwa kwa wembe: fikiria mpingo, mkwaju, mbuyu. Misitu ya Ulaya na ya kaskazini mwa Marekani imejaa misumeno.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilibaki dokezo. Aliyeligeuza kuwa kipimo ni Jack Wolfe, wa idara ya serikali ya Marekani ya uchunguzi wa jiolojia. Mwaka 1979 alichapisha takwimu za misitu ya Asia Mashariki isiyo na shida ya mvua, na alipopanga fungu la majani yasiyo na meno dhidi ya joto la mwaka, nukta zilikaa karibu kwenye mstari mnyoofu. Mwaka 1993 Scott Wing na David Greenwood wakauandika mstari huo hivi:

joto la wastani la mwaka = 30.6 × P + 1.14

Hapo P ni sehemu ya spishi zisizo na meno, kuanzia 0 mpaka 1, na joto ni kwa nyuzi za Selsiasi. Kwa lugha ya darasani: spishi 3 kati ya 100 zikitoka upande wa meno kwenda upande wa ukingo mzima, joto limepanda kama nyuzi 1. Tuseme umepata spishi 30 kwenye mwamba, 18 hazina meno. P ni 0.6, na jibu ni nyuzi 19.5. Hesabu ya kidato cha kwanza. Angalia pia kwamba kipimajoto hiki kina mwanzo na mwisho wake: msitu wa meno matupu unasoma 1.14, na usio na jino hata moja unasoma 31.74. Hata dunia ingechemka, majani hayawezi kukuambia zaidi ya hapo.

Neno la kushika ni "spishi". Mti mmoja uliosimama kando ya ziwa unaweza kumwaga majani elfu kumi kwenye tope, na yote hayo ni kura moja. Ndiyo maana huhitaji hata kujua jina la mti. Visukuku vingi vya majani, yaani hayo majani yaliyogeuka mawe, havina jina, na vingine ni vya miti iliyokwisha kutoweka. Mtafiti hupanga mawe mezani kwa sura: mishipa inavyogawanyika, inavyokutana karibu na ukingo, umbo la kitako na la ncha. Kila kundi la sura moja analihesabu kama spishi moja.

Kazi yenyewe mezani ni ya macho, na makosa mengi huzaliwa hapo. Jiwe la tope lililogandamana hupasuliwa kwa nyundo na patasi kufuata tabaka zake, likafunguka kama kitabu, nusu ya jani huku na chapa yake kule. Taa huwekwa ubavuni, chini kabisa, ili kila kijibonde kitupe kivuli. Kisha unafuata ukingo kwa lenzi ya mkono, polepole, kama mtu anayetafuta mshono ulioachia. Unaona kijipengo. Je, ni jino? Ufa wa jiwe hukata moja kwa moja bila kujali mishipa. Alama ya mdudu aliyekula jani likiwa hai huwa na ukanda mweusi, mnene kidogo, pale mti ulipoziba kidonda. Jino la kweli lina mshipa wake: unauona ukitoka kwenye mshipa mkubwa, ukielekea kule kwenye ncha, mara nyingi ukiishia humo humo. Na pengo likiingia ndani kupita robo ya safari kutoka ukingoni hadi mshipa wa kati, hilo halihesabiwi kuwa jino, ni tanzu ya jani, kama zile za jani la mpapai. Tanzu hazihusiki katika hesabu hii. Nimewahi kukaa na kipande kimoja asubuhi nzima, nikaandika "lina meno", nikaenda kula, nikarudi nikafuta.

Kwa nini baridi ilete meno? Hapa wataalamu hawajaafikiana, nami nitakuambia upande ninaoegemea. Mwaka 2006 Dana Royer na Peter Wilf walichapisha vipimo vya miti hai ya Pennsylvania, kwenye baridi zaidi, na ya North Carolina, kwenye joto zaidi. Waliona kwamba katika mwezi wa kwanza wa majira ya ukuaji, wakati jani bado changa, ukingo wake hufanya kazi kupita kiasi: unatoa maji na kutengeneza chakula kwa bidii ambayo baadaye hupungua. Majani ya meno yalifanya hivyo kuliko yasiyo na meno, na ya Pennsylvania kuliko ya North Carolina. Maana yake, mti wa nchi yenye majira mafupi, uliokaa uchi miezi mitano, unapata njia ya kuamsha jani mapema. Maji yanayopotea ukingoni yanavuta mengine kutoka mizizini, kama unavyovuta soda kwa mrija. Kwenye joto, ambako msimu wa kukua ni mrefu na maji ni mali, gharama hiyo haina faida.

Wengine wanaangalia upande wa pili. Ukipita alfajiri kwenye tuta la stroberi utaona matone yamekaa kwenye ncha za meno, moja moja, kama shanga. Watu huyaita umande, lakini ni maji yaliyosukumwa na mizizi usiku, na jino ndilo mlango wa kuyatolea yasijae ndani ya jani. Wapo pia wanaosema siri iko kwenye chipukizi, namna jani linavyokunjwa humo kabla ya kufunguka. Mimi naona hoja ya msimu mfupi ndiyo nzito zaidi, lakini sishangai zote tatu zikiwa na ukweli ndani yake.

Sasa mwarobaini. Tuseme joto la wastani la mwaka Tanga ni kama nyuzi 26. Geuza mlinganyo, utafute P: 26 toa 1.14, gawanya kwa 30.6, unapata 0.81. Kwa hiyo kanuni yenyewe inatarajia kwamba kwenye joto la Tanga spishi kama 19 katika kila 100 zitakuwa na meno. Kumkuta mmoja wa hao 19 akiwa uani kwa bibi hakuvunji kitu. Kingevunja kanuni ni kuwakuta 60.

Lipo jingine juu ya hilo. Meno ni urithi wa ukoo pia, si majibu ya hali ya hewa peke yake. Mwarobaini ni wa jamii moja na mkangazi, na mkangazi hauna meno. Kumbe ndani ya ukoo mmoja ndugu hutofautiana. Koo nyingine hazina mjadala. Jamii ya mparachichi na mdalasini, ambayo ndiyo pia ya mkulo wa Usambara, haina meno popote iendapo, hata ikipanda mlima kwenye ukungu. Jamii ya betula ya nchi za kaskazini ina meno daima. Mwaka 2010 Stefan Little, Steven Kembel na Peter Wilf walionyesha kwamba urithi huu una uzito mkubwa katika hesabu zetu, kiasi kwamba sehemu ya kinachoonekana kama jibu la joto ni habari ya nani ni ndugu wa nani. Hili halikuipendeza fani. Lilikuwa la lazima.

Ndiyo sababu mtu akiniletea jibu kama "nyuzi 19.5" huwa namuuliza kosa lake ni kiasi gani. Katika mfano wetu wa spishi 30, bahati ya sampuli peke yake, yaani ni spishi zipi zimetokea kuangukia tope, inaleta kosa la nyuzi 2.7 juu au chini. Ungekuwa na spishi 15 lingekaribia 4. Kwa hiyo chini ya spishi 20 au 25 mimi sianzi hata kuhesabu. Juu ya hilo kuna tofauti ya msitu na msitu. Daniel Peppe na wenzake mwaka 2011 walikusanya takwimu za vituo 92 duniani kote, na ukingo wa jani ukitumika peke yake uliacha kosa la karibu nyuzi 5. Walipoongeza vipimo vya kompyuta, kama idadi ya meno, ukubwa wa meno na urefu wa ukingo ukilinganishwa na eneo la jani, kosa likashuka kidogo hadi kama nyuzi 4. Misitu ya Australia, kwa mfano, ina meno machache kuliko ya Asia yenye joto lile lile. Ukipeleka mlinganyo wa Asia kule, unapata joto la kupindukia.

Basi mlinganyo huu una faida gani? Kwangu mimi, faida yake kubwa ni kupima tofauti ya joto kati ya wakati mmoja na mwingine. Ukipanda tabaka juu ya tabaka mahali pale pale, kwenye miamba ya aina moja na mimea ya ukoo ule ule, makosa mengi yanabaki sawa chini na juu, na ukitoa moja kwa jingine yanakatana. Mfano ninaoupenda ni bonde la Bighorn, jimbo la Wyoming, Marekani. Miaka milioni 56 iliyopita, mpakani mwa Paleosini na Eosini, vipindi viwili vya historia ya dunia, hewa ilijaa kaboni kwa ghafla na dunia ikapata joto. Scott Wing na wenzake walitafuta kwa miaka mingi tabaka jembamba la wakati huo lenye majani, na mwaka 2005 wakachapisha walichopata. Majani yalionyesha kupanda kwa takriban nyuzi 5, na miamba yenye ushahidi wa kemia ilikuwa inasema vivyo hivyo. Kilichonigusa si namba. Mimea ya zamani ya bonde hilo iliondoka, badala yake wakaingia wageni kutoka kusini, wakiwemo wa jamii ya kunde wenye vijani vidogo visivyo na meno. Joto lilipopungua wageni wakaondoka na wengi wa wenyeji wakarudi. Yaani P ilibadilika kwa sababu miti ilihama. Hakuna mti uliobaki pale ukajifunza kunyoa meno.

Kuna mtego mmoja ambao nataka uujue kabla hujaingia na wanafunzi porini. Mwaka 2001 Robyn Burnham na wenzake walichapisha kazi ya msitu hai wa Yasuní, Ecuador, katika bonde la Amazoni. Joto ni moja kila mahali pale, lakini kando ya mito na maziwa miti ya meno ilikuwa mingi kuliko ndani ya msitu, na hesabu iliyofanywa kwa majani ya kando ya maji ilitoa joto lililopungua kwa nyuzi 2.5 hadi 5. Sasa fikiria: visukuku vya majani hutengenezwa wapi? Kwenye matope ya mito na maziwa. Kipimajoto chetu kimetundikwa ukutani penye ubaridi kuliko penginepo ndani ya nyumba. Majibu mengi ya zamani huenda yako chini kidogo ya ukweli, na mtu anayekusomea namba bila kutaja jambo hilo msikilize kwa sikio moja.

Utauliza kama tunayo majani ya namna hiyo kwetu. Tunayo, na ya fahari. Mahenge, mkoani Singida, miaka milioni 46 iliyopita volkano ililipuka ikaacha shimo, shimo likajaa maji, na ziwa hilo dogo likatulia hata tope lake laini likahifadhi samaki, popo, na majani mengi. Bonnie Jacobs na Patrick Herendeen waliyachunguza, na walichokuta ni miti ya jamii ya kunde kwa wingi, ukiwemo mmoja waliouita kwa jina la Singida yenyewe, Aphanocalyx singidaensis. Msitu uliojaa kunde karibu wote hauna meno kwa asili yake. Swali la joto ukiliuliza pale kwa ukingo, unajibiwa "palikuwa na joto", jambo ambalo ungelijua bila jiwe. Wao wakauliza swali ambalo majani yale yangeweza kulijibu: mvua. Kipimo cha mvua ni ukubwa wa jani, kwa maana penye maji mengi jani linaweza kutanuka bila kukauka. Vijani vya Mahenge ni vidogo, na makadirio yao ya mwaka 2004 ni kama milimita 660 kwa mwaka. Hiyo ni mvua ambayo mkulima wa Singida wa leo angeitambua. Wale waliodhani Afrika ya tropiki wakati huo ilikuwa msitu mnene wa mvua kutoka pwani hadi pwani ilibidi wajipange upya.

Zoezi lipo, na mahali ulipo ni pazuri kuliko vyuo vingi. Joto hushuka kwa kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000, nanyi mko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo weka Lushoto kwenye takriban nyuzi 18. Mlinganyo unatarajia P ya 0.55. Chini uwandani, upande wa Mombo na kuelekea pwani, uitarajie ikaribie 0.8. Gawa darasa makundi mawili, moja lifanye la juu na jingine la chini, kila kundi lilete spishi zisizopungua 25, jani moja zuri kwa kila spishi. Yaokoteni chini au kwenye matawi ya pembeni mwa njia, na kama mnaingia kwenye hifadhi ombeni ruhusa kwanza.

Chukueni miti na vichaka vya asili tu, ile ambayo mbegu yake hugawanyika pande mbili kama kunde. Nyasi, migomba, minazi na misonobari haimo. Vya kupandwa pia viwekeni kando: mikaratusi, mipichi, miplamu, miparachichi, na mwarobaini wa bibi, ambao asili yake ni Asia Kusini. Mkifika upande wa Amani, Usambara Mashariki, uacheni msizi hata kama umejaa kila mahali na unaonekana kama mwenyeji. Uliletwa, una meno, na utawavutia hesabu kwenye baridi. Kwa jani lililogawanyika, kama la mkwaju, tazameni ukingo wa kijani kimoja kimoja.

Nabashiri mtapata meno machache kuliko mlinganyo unavyotaka, hasa huko juu, kwa sababu mlinganyo ulizaliwa kwenye misitu ambayo mingi ina kipupwe cha kweli, na miti yenu ya mlimani hubaki kijani mwaka mzima. Lakini Prunus africana, ule mti ambao gome lake hununuliwa kwa dawa ya tezi dume, mtaukuta juu na meno yake, na chini hamtauona. Kama P ya juu itakuwa ndogo kuliko ya chini, hata kwa kiasi kidogo, darasa limeona kwa macho kile Bailey na Sinnott walichokiona kwenye makaratasi.

Mkuyu utawagombanisha. Jani moja lina meno butu, jingine la tawi lile lile halina. Spishi ya namna hiyo hupewa nusu kura. Na mvule msiuhesabu kwa mche: ukiwa mdogo majani yake yana meno, ukikua huyaacha, kwa hiyo tafuteni jani lililoanguka kutoka juu.